Ombi la Kufufua Kesi ya Njiwa Zarrin, Iliyofutwa Nikiwa Natazama Juu

Mirza Wajahat Beg,
Nyumba yenye vizimba vya kijani juu ya paa,
Mtaa wa Rangrezan,
Shahnagar.

Kwa Mheshimiwa Jaji wa Wilaya,
Mahakama ya Shahnagar.

YAH: KUREJESHWA KWA KESI YA MADAI ILIYOFUTWA, PAMOJA NA MAELEZO YA KUCHELEWA

Mheshimiwa Jaji,

Nakusalimu kwa mikono yote miwili na kukukaribisha mjini kwetu. Nimesikia umehamia hapa kutoka milimani, kwamba huna simile na wazembe, na kwamba feni ya chumba chako umeitengenezesha wiki ile ile uliyofika. Aliyekutangulia alikaa chini ya feni ile mbovu miaka yake yote, na mimi kwa maoni yangu naamini kesi nyingi alizozifuta alizifuta kwa sababu ya joto. Yangu ni mojawapo. Sasa feni inazunguka, ndiyo maana nimepata moyo wa kuandika.

Mimi ni mfuga njiwa, mgane, mtu wa swala tano na wa kulipa bili ya umeme kwa wakati. Nilikuwa mdai katika kesi dhidi ya Latafat Husain, kaka wa marehemu mke wangu Sabiha, ambaye naye ni mfuga njiwa na anakaa mapaa matatu kutoka langu. Nilichokuwa nadai ni njiwa jike mmoja, mweupe, shingo rangi ya chai ya maziwa, njuga ndogo ya fedha mguuni, jina lake Zarrin. Kesi ilifutwa kwa kuwa jina langu lilipoitwa sikuitika. Sheria ilinipa siku thelathini za kuomba irejeshwe. Nimechelewa kidogo. Kesi ilifutwa maembe yakiishia sokoni, na leo naandika karoti nyekundu za halua zikiwa zimeshaingia.

Karani wako, Bwana Dubey, amenishauri nisijisumbue. Alisema kesi hii imeshaoza na hata mbwa haitaki. Wakili wangu, Bwana Girdhari Mathur, yeye alinieleza kwamba anayechelewa lazima aeleze kila siku aliyochelewa, moja moja, kama mtu anayechambua mawe kwenye mchele. Halafu akakataa kuliandika ombi hili, akidai ana jina la kulinda. Wahenga walisema kawia ufike. Kwa hiyo nimekawia, na sasa nafika mwenyewe, na malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kwanza mahakama imjue Zarrin ni nani, kwa sababu kwenye jalada ameandikwa "ndege mmoja" kana kwamba ni kuku wa pilau.

Marehemu mke wangu hakupenda njiwa. Tangu siku ya harusi hadi mwisho aliwaita wake wenza wenye manyoya, na nikichelewa kushuka kula aliuliza leo ni zamu ya yupi. Sasa paka akamla mama yake Zarrin, kifaranga kikabaki hakina hata unyoya, nami nikasema hiki hakiponi. Sabiha alikichukua jikoni, akawa anatafuna dengu na kukilisha mdomo kwa mdomo kama wafanyavyo njiwa wenyewe, na usiku kikalala ndani ya shali yake. Kilipona. Kikakua kikawa malkia, na kikaanza kunidonoa sikio kila nilipompandishia mama yake sauti. Nilidonolewa sana, na sehemu kubwa nilistahili.

Siku ya arobaini ya Sabiha tulitandaza turubai la wageni juu ya ua na nusu ya paa. Niliwafungulia njiwa wote waruke kidogo, kwa heshima yake. Wengine walishuka kwa kubahatisha. Zarrin alizunguka, akatafuta nyumba yake, akaona turubai la mistari myekundu mahali pa nyumba, akatua kwa Latafat. Nilipokwenda kumchukua, Latafat hakunikaribisha hata chai. Alisimama mlangoni akaniambia:

"Dada yangu mlikuja kumchukua kwa ngoma na matarumbeta. Ndege wake amerudi kwao mwenyewe, na ngoma hakuhitaji."

Mheshimiwa, nilikosa la kujibu. Nikaenda mahakamani, kama afanyavyo kila mtu wa Shahnagar aliyekosa la kujibu.

2. Mdaiwa anajitetea kwa mila ya wafuga njiwa, kwamba ndege akitua paani kwako ni wako. Naomba mahakama ikatae mila hii bila kupepesa macho. Ni mila ya kinyang'anyi, ya enzi za giza, isiyofaa katika mji wenye taa za barabarani. Ni kweli kwamba mimi mwenyewe nimepata njiwa wengi kwa mila hiyo hiyo, wakiwemo sita wa Latafat, lakini hilo ni suala jingine na halina jalada.

Tuipime mila hii kwa akili. Upepo ukivuma, shuka za mama Khursheed wa nyumba ya nyuma hutua kwangu. Je, ni zangu? Wakati wa kurusha tiara, anga yote ya mtaa huangukia paani kwangu na nyuzi zake. Fundi wa antena alikaa kwangu mchana mzima akila machungwa, na kwa mujibu wa Latafat ningeweza kumfunga uzi na kumfuga. Mila ikiruhusu kumiliki fundi, basi hiyo si mila tena.

3. Sasa nije kwenye siku yenyewe ya kesi. Imeandikwa kwamba mdai "hakuwepo." Hili limeniumiza kuliko kufutwa kwenyewe.

Nilikuwepo. Nilifika kabla ya muuza chai wa mahakama kuwasha jiko lake. Latafat alikuja baadaye, kavaa kanzu iliyopigwa wanga, kakaa benchi la mbele na uso wa yatima. Nilipaswa kushtuka, maana Latafat huyu hawezi kutulia penye benchi bila sababu. Kumbe alikuwa amepanga. Kesi yetu ilipokaribia, mke wake Bi Nighat alipanda paani kwao, akashika mwanzi mrefu wenye kitambaa, akawarusha njiwa wote na kuwaelekeza juu ya mahakama. Naomba izingatiwe kwamba ni Bi Nighat huyu huyu ambaye kila Idi hunitumia salamu kwamba biriani ipo, ila magoti yake hayamruhusu kupanda ngazi zangu kuileta.

Nikasikia njuga. Mheshimiwa, wewe una watoto, nimeambiwa. Ukisikia sauti ya mwanao uwanjani utabaki kwenye benchi? Nilitoka mara moja tu. Zarrin alikuwa katikati ya kundi, mweupe, anang'aa, na mimi nikaanza kumwita kwa sauti zote anazozijua, nikitikisa mfuko wa uwele. Mawakili waliacha mafaili wakatoka kutazama. Mfungwa mmoja aliyeletwa kwa kesi yake alinisaidia kumwita, pingu mkononi, na ana sauti nzuri.

Tarishi wako aliita jina langu mara tatu. Sitasema uongo mbele ya mahakama: nilimsikia vizuri mara zote tatu. Nilimwashiria anyamaze, kwa sababu alikuwa anamtisha ndege.

Hoja yangu ni hii. Uwanja ule ni wa mahakama. Anga iliyo juu ya uwanja wa mahakama ni ya mahakama, ama sivyo ni ya nani? Mali inayogombewa ilikuwa angani humo, na mdai alikuwa uwanjani akiishughulikia. Kati ya watu wote wa siku ile, jaji akiwemo, mimi peke yangu ndiye niliyekuwa katika kesi. Wengine walikuwa ndani ya chumba tu.

4. Kuhusu kuchelewa. Bwana Dubey atakuambia kwamba dirisha lake lilikuwa wazi siku zote. Dirisha ndiyo, lakini yeye? Nilikwenda na ombi, akaniambia rudi kesho. Nikarudi kesho, akaniambia yeye alimaanisha kesho nyingine. Nikaona hapa panatakiwa ujuzi. Nikatumia nilionao.

Kila mfuga njiwa anajua kwamba njiwa hapelekwi, njiwa hurudi. Ukitaka barua ifike mahali, mpe njiwa wa mahali hapo. Na ukingo wa mahakama yako, juu ya chumba cha kumbukumbu, una njiwa wasio na idadi. Nilimkamata mmoja, wa kijivu, mzito, mwenye tumbo la mtumishi wa umma. Niliandika ombi langu lote kwenye karatasi nyepesi kama ngozi ya kitunguu, tena kwa heshima zote, nikaweka na saini. Kisha, kwa kuwa safari ni safari, nikampa lozi na samli siku chache apate nguvu. Hapo ndipo nilipokosea, na kosa lenyewe ni la ukarimu.

Nilipomrusha mara ya kwanza alizunguka paa na kurudi jikoni kwangu. Mara ya pili hakuzunguka hata paa. Mara ya tatu nilimtoa kwa ufagio, akapaa kwa manung'uniko, akapotea nyuma ya mnara wa msikiti, upande wa mahakama. Nikashukuru Mungu. Nikakaa paani kusubiri majibu.

Sasa naeleza kila siku, kama sheria inavyotaka. Siku ya kwanza nilikuwa paani nikisubiri majibu ya mahakama. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu ilinyesha, nikasubiri na mwavuli. Mahakama ikitaka nitaendelea moja moja hadi mwisho, lakini zinafanana sana na nahofia utasinzia, hata kwa feni mpya.

Ijumaa moja, tukivaa viatu nje ya msikiti, Latafat alinisogelea. Hakuwa amesema nami tangu kesi ifutwe. Alikohoa kidogo kama watu wakubwa, akasema:

"Ombi lako lilifika kwangu, shemeji. Nimelisoma mara mbili. Nimelikataa."

Kumbe yule wa kijivu hakufika mahakamani. Aliwaona njiwa wa Latafat wakila, akatua kula nao, na Latafat akamnasa na barua yangu mguuni. Siku thelathini zilikuwa zimepita juzi yake. Baada ya hapo nilichelewa kwa hasira. Sijui kama sheria inaitambua hasira, lakini kama inatambua homa ya matumbo sioni kwa nini isiitambue hii, maana ya kwangu ilikuwa na joto kubwa zaidi na haikuwa na dawa.

5. Hata hivyo, Mheshimiwa, nimekaa nikafikiri, na nimegundua kwamba kumbe sikuchelewa hata kidogo.

Njiwa yule alizaliwa kwenye ukingo wa mahakama. Amekula makombo ya mahakama maisha yake yote, amelala kwenye mafaili ya mahakama, na nyaraka nyingi zina alama yake. Basi ni mtumishi wa mahakama, na kwa uzoefu kazini amempita Bwana Dubey. Nilipomfunga ombi langu mguuni, mtumishi wa mahakama alilipokea, ndani ya muda, mchana kweupe, akiwa amekula vizuri. Tangu dakika ile ombi lilikuwa limewasilishwa. Kama baadaye mtumishi huyo alipitia mahali kula, hilo ni suala la nidhamu kazini, wala mwananchi hapaswi kuadhibiwa kwalo.

Na tukifika hapo hatuwezi kusimama. Latafat Husain anamshikilia mtumishi wa umma, tena amemfunga mbawa kwa uzi kama desturi yetu kwa ndege wageni. Amefungua waraka ulioelekezwa kwa mahakama. Ameutolea uamuzi. Yaani amejifanya jaji, tena jaji wa kusoma mara mbili, sifa ambayo aliyekutangulia hakuwa nayo. Sitaki afungwe. Ni kaka wa mke wangu, na ana kisukari. Lakini akemewe, na kukemewa kwenyewe kufanyike mbele ya Bi Nighat.

6. Ninachoomba ni kidogo. Kesi irejeshwe. Kisha mahakama ihamie paani. Wakati huu wa baridi jua la asubuhi ni zuri sana, nitaweka zulia, kiti chenye mto, na chai ya tangawizi na matonge ya ufuta. Bwana Dubey anaweza kuja na dirisha lake. Zarrin arushwe kutoka paa la kati, ambalo si langu wala la Latafat, na sote wawili tumwite kwa pamoja. Atakayeitikiwa ndiye mwenye haki. Sina shaka yoyote na matokeo. Nimefuga njiwa tangu ndevu hazijaota, na najua ndege hamsahau aliyemtafunia dengu.

Ni kweli aliyemtafunia dengu si mimi. Lakini nilikuwa nimekaa karibu naye sana.

Naomba usiniambie, Mheshimiwa, kwamba hii ni kesi ya ndege. Nimeambiwa hivyo na wakili, na karani, na binti yangu aliyeolewa Kanpur, ambaye ameahidi kuninunulia njiwa weupe jozi mbili niachane na mambo haya. Njiwa weupe ninao. Nyumba yangu ina vyumba vitano na ndani yake hakuna kiumbe hata kimoja kinachonidonoa nikipandisha sauti. Siku hizi napandisha sauti makusudi, halafu nasikiliza. Hilo ndilo dai langu, na kama kwenye sheria halina kifungu, basi naomba likae karibu na kifungu chochote kitakacholipokea.

Nikiwa natarajia huruma yako na kuujua ukali wako, nasalimu familia yako yote, wakubwa kwa wadogo. Msalimie Bwana Dubey, sina kinyongo naye. Msalimie tarishi, umwambie ana sauti ya kuheshimika na nilimnyamazisha kwa shida tu. Kama yule mfungwa ameachiwa, salamu zimfikie, na kwangu karibu. Na wale wa kwenye ukingo wa chumba cha kumbukumbu wasalimie pia, mwenzao yuko hai.

Ni mimi, mdai uliyeambiwa hayupo,

Mirza Wajahat Beg

Tanbihi, baada ya saini. Mheshimiwa Jaji, bahasha nilikuwa nimeshaigundisha, nimeipasua tena kwa kisu cha vitunguu, uisamehe harufu. Nimesikia njuga. Nimepanda ngazi kwa kasi ambayo daktari wangu asingeifurahia. Mtumishi wako wa kijivu amerudi. Uzi wa mbawa umekatika au ameukata, naye, kwa kuwa hakuna kwingine mjini anakopewa lozi na samli, amekuja moja kwa moja hadi mlango wa jiko, na nyuma yake, kwa aibu kidogo, kama bibi harusi anayeingia ukweni, ameingia Zarrin. Wameoana. Nimewatazama, hakuna ubishi.

Kwa hiyo naomba ombi langu litupwe. Litupwe kwa nguvu, na iandikwe kwa wino usiofutika kwamba muda ukipita umepita, maana wahenga walisema chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako. Namba mbili hapo juu niliiandika kwa pupa. Mila ya paa ni mila ya babu zetu, ina hekima, na atuaye paani kwako ni wako. Zulia nimeshalikunja, tafadhali usije. Na endapo mtu yeyote, sitaji jina, ataleta kwako kesi ya njiwa mweupe, naomba Bwana Dubey amwambie arudi kesho.

Nimekatizwa kidogo hapa, mlango ulikuwa unabishwa. Alikuwa Latafat, amekuja mbio, kiatu kimoja cha kwake na kingine cha Bi Nighat. Nilikuwa na jibu refu nililolitunza muda mrefu kuhusu ngoma na matarumbeta. Hakuomba ndege. Aliniuliza tu, "Amekula?" Nikamwambia amekula, na nikamwambia apande. Sasa namalizia barua hii nikiwa naye paani. Zarrin yuko ukingoni kati yetu, anachezea manyoya yake, na sisi wazee wawili tumekaa, hakuna anayemwita, kila mmoja anaogopa kujua ataitika kwa nani.